Kutoka nchi tatu mpaka mashamba ya Naivasha: historia ya Safari Rally, na ulizo la Formula 1 kule Kigali

Tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 2025, Elfyn Evans, dereva wa kutoka Wales, alimaliza wa kwanza Safari Rally kule Naivasha, Kenya, akiwa ndani ya Toyota. Ott Tänak wa Estonia alikuwa wa pili. Thierry Neuville, yule Mubelgiji aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2024, alikuwa wa tatu. Hapa Bukavu habari ile ilipita kimya, na hakuna wa kulaumiwa. Banki zilikuwa zimefungwa tangu mwezi wa pili, uwanja wa ndege wa Kavumu haukuwa na ndege, muji ulikuwa chini ya AFC/M23, na mwenye kutafuta franka za unga hakuwa na nafasi ya kufuatilia nani kashinda mbio za magari. "Ile mambo ya bazungu inatuhusu nini siye benye kukosa hata barabara?" Njo ulizo tunalosikia kila mara tunapogusa michezo ya namna hii.

Ulizo lile ni la haki. Lakini jibu lake si fupi vile watu wanafikiri, juu ile Safari Rally haikuanza kama mali ya Kenya. Ilianza kama mbio za nchi tatu, na ikapungua kadiri mipaka ilivyofungwa na pesa zilivyokauka, mpaka leo inakimbizwa ndani ya mashamba machache pembeni ya ziwa moja. Ukifuata jinsi ilivyopungua, unasoma historia ya ile Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Kongo iliingia mwaka 2022. Na kuko sababu ingine ya karibu zaidi: jirani yetu wa ng'ambo ya Ruzizi alitangaza mwaka 2024 kwamba anataka kuleta Formula 1, na serikali ya Kinshasa iliandika barua mwaka 2025 kuomba ile mipango isimamishwe. Ili kuelewa tofauti kati ya mbio zile za zamani na hizi zinazotafutwa, turudi kwanza mwaka 1953.

Funga mlango, uende

Mwaka ule dunia ya magari ya spoti ilipata kombe lake la kwanza la mbio za uvumilivu. Masaa 12 ya Sebring kule Marekani, masaa 24 ya Le Mans kule Ufaransa (hizi zenyewe zilikuwapo tangu 1923), na zingine chache, ziliwekwa pamoja ili mwisho wa mwaka ijulikane ni kiwanda gani kimetengeneza gari lenye kudumu. Nyingi zilikuwa za kuzunguka: njia moja, madereva wanapokezana usiku na mchana mpaka saa ziishe. Zingine zilipita barabara za watu, lakini zile hazikudumu. Mille Miglia ya Italia ilikatazwa mwaka 1957, baada ya gari kuruka njia na kuua watazamaji. Lile kombe la magari ya spoti lilikatika mwaka 1992, likarudi na sura ya leo mwaka 2012, na sasa karibu mbio zake zote ni za uwanja uliofungwa.

Nairobi ilichagua njia ingine. Kulikuwa uwanja wa mbio kule Langa Langa, upande wa Gilgil, na mutu mmoja aitwaye Eric Cecil alimuomba ndugu yake Neil Vincent aje kushindana pale. Inasimuliwa kwamba Vincent alikataa: alisema kuzunguka barabara ile ile kunamchosha, ila kama wangeandaa mbio ambazo mutu anaingia gari, anafunga mlango, anavuka nusu ya Afrika na kurudi, yeye angekuja. Ile mbegu njo ilizaa mbio za kwanza, kutoka tarehe 27 mwezi wa tano mpaka tarehe 1 mwezi wa sita 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth wa Pili. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, makoloni na himaya za Uingereza zilizokuwa zimefungamana.

Jambo moja mara nyingi linasahaulika katika hadithi hii nzuri. Mwaka 1953 Kenya ilikuwa ndani ya hali ya hatari. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeitangaza mwezi wa kumi 1952 kwa kupigana na Mau Mau, na haikuondolewa mpaka 1960. Watu wa Kikuyu walikuwa wanaishi kwa vibali, wengine wanafungwa kambini, vijiji vinahamishwa. Katika nchi ile ile, kwa wiki ile ile, magari yalikuwa yanaruhusiwa kukimbia usiku na mchana kuvuka mipaka mitatu. Kwa hiyo mutu asituambie kwamba michezo mikubwa kufanyika karibu na vita ni jambo jipya la wakati wetu. Lilikuwapo tangu siku ya kwanza ya mbio hizi.

Sheria zake zilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutimiza. Kutoka kituo kimoja mpaka kingine unapewa muda. Ukichelewa, kila dakika ni alama ya adhabu, na mwenye adhabu kidogo njo mshindi. Muda ule ulipangwa mfupi kiasi kwamba wakati wa mvua hakuna mutu angeweza kuutimiza wote. Tena barabara haikufungwa. Mbele yako kunaweza kutokea basi, kundi la ng'ombe, mama na fungu la kuni, twiga. Kwa miaka mingi mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, na pale Afrika Mashariki Pasaka ni fula.

Kwanza kabisa njo uone ni magari gani yalikuwa yanashinda. Mwaka 1954 ilikuwa Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa mviringo, ile ile wazee wa Bukavu waliiona ikipita hapa muji. Baadaye Peugeot 404 ilishinda mara nne kati ya 1963 na 1968, kisha 504 ikashinda 1975 na 1978. Datsun ilishinda mara saba kati ya 1970 na 1982. Haya ni magari ya mwalimu, ya daktari, ya mchuuzi. Viwanda vilielewa kwamba mutu wa Kampala au wa Mwanza haendi kununua gari kwa kuwa limezunguka haraka Ulaya. Atalinunua akiona limetoka ndani ya matope na springi zake bado zimesimama. Hata leo, shoferi wa kamyo akikuambia Toyota haifi, sehemu ya ile imani ilitengenezwa kwenye njia zile: mwaka 1993 Toyota ilichukua nafasi zote nne za kwanza.

Watu wa tope

Mwaka 1963 magari saba tu njo yalimaliza. Mwaka 1968 tena, saba. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Kwa muda mrefu sana hakuna dereva wa kutoka ng'ambo aliyeweza kushinda. Walikuja na timu za viwanda, mafundi na ndege za kuwafuata juu, wakakwama kwenye mto ambao mwenyeji alijua kwamba unajaa saa nne za usiku na kupungua alfajiri. Ilibidi mpaka 1972, Hannu Mikkola wa Finland na Ford Escort, ndipo mgeni apate.

Kati ya wenyeji, jina la kwanza ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akawa fundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo kuukuu, si gari la kiwanda lililoletwa jipya kwa ajili yao. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi. Lakini hesabu inayomfaa zaidi ni ingine: aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Fundi yeyote wa garaji hapa Nyawera ataelewa maana ya hesabu ile bila kuelezwa. Alifariki London mwaka 2013.

Jina la pili ni Shekhar Mehta, na juu yake tunataka kukaa kidogo, sababu historia yake inafanana na ya watu wengi wa jimbo letu. Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwezi wa nane 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka. Familia yake ikaacha kila kitu, naye akahamia Kenya. Miezi michache baadaye, Pasaka ya 1973, alikuwa kwenye mstari wa kuanza na Datsun 240Z. Mwisho wa mbio yeye na Harry Källström wa Sweden walikuwa sawa kwa alama za adhabu, sawa kabisa, na ikabidi kanuni ya kutenganisha itumike. Mehta akapewa ushindi. Kutoka 1979 mpaka 1982 akashinda tena mara nne mfululizo. Mara tano kwa jumla.

Mutu aliyefukuzwa kwao, mwenye kuanza upya ng'ambo ya mpaka, njo akawa mmoja wa mabingwa wakubwa kabisa wa mbio zilizozaliwa juu ya wazo kwamba mpaka si kitu. Baadaye aliumia vibaya kwenye mbio za Misri mwaka 1987, akaacha kuendesha, akaingia katika uongozi wa rali wa dunia. Alifariki mwaka 2006.

Tuseme pia wazi: Mwafrika mweusi, kwa miaka mingi, nafasi yake ilikuwa kandokando ya barabara. Yeye njo alisukuma gari lililokwama, akaonyesha njia, akachota maji. Kule Kenya hadithi za vijiji kulipwa kwa kusukuma magari ni nyingi, na wengine wanasema tope lingine lilikuwa linaongezwa maji usiku ili kazi isikose. Hata hapa tunaijua biashara ile; nenda uone vijana wa Ngomo wakati kamyo imelala. Kwenye usukani ilibidi kungoja sana. Patrick Njiru na Subaru yake, miaka ya 1990, njo alikuwa Mkenya mweusi wa kwanza ambaye watoto wa barabarani walimwita kwa jina kama nyota.

Mipaka inafungwa

Jina la mbio linasema yote. Mwaka 1953 ziliitwa za kutawazwa kwa malkia. Mwaka 1960, wakati uhuru unakaribia, zikaitwa East African Safari Rally. Mwaka 1974 yale maneno ya Afrika Mashariki yakatoka, ikabaki Safari Rally peke yake. Katika ile miaka Uganda ya Amin haikuwa tena nchi ya kupitishia mashindano. Tanzania ya Nyerere na Kenya ya Kenyatta zilikuwa zinagombana kuhusu reli, ndege, na siasa ya uchumi. Mwezi wa pili 1977, baada ya shirika la ndege la pamoja kuvunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka mwezi wa kumi na moja 1983. Jumuiya ya kwanza ikafa mwaka ule wa 1977.

Kenya ikabaki na mbio. Ilikuwa na eneo la kutosha na viwanda viliendelea kuja, tena zilikuwa zimeingia katika kombe la dunia la rali, WRC, tangu lilipoanzishwa mwaka 1973. Kwa mtazamaji wa Ulaya hakuna kilichobadilika, bado aliona vumbi, twiga na Mlima Kenya. Kwetu sisi wa jimbo hili kimebadilika kitu kikubwa. Zile za kwanza zilihitaji serikali tatu zikubaliane, askari wa mipaka mitatu wainue kizuizi saa nane ya usiku kwa gari lisilosimama. Hata kama ilikuwa amri ya mkoloni mmoja mwanzoni, baada ya uhuru iliendelea miaka kadhaa kwa hiari ya nchi zenyewe. Baada ya 1974 ilitosha serikali moja.

Miaka ya 1980 jina la sigara Marlboro likawa mbele ya jina la mbio. Ilikuwa bado wakati wa ukubwa: kilometa elfu kwa elfu kwa siku tano, helikopta juu kuangalia kama njia ina watu, redio kila kilima. Mwaka 1983 Michèle Mouton wa Ufaransa, mwanamke, alimaliza wa tatu na Audi, jambo ambalo wanaume wengi wa wakati ule hawakulipenda sana. Lakini ukubwa ule njo uliiua. Wenye televisheni walitaka mbio fupi, zenye kamera kila kona. Timu zilichoka kulipa helikopta na magari ya mafundi kwa mbio moja peke yake ya mwaka. Barabara wazi ikaonekana hatari kupita kiasi. Pesa za kuandaa zikakosekana. Mwaka 2002 Colin McRae wa Scotland alishinda na Ford, na baada ya pale Safari ikatolewa kwenye kombe la dunia. Miaka 18 ikapita ikiwa mbio za bara la Afrika tu, zenye wapenzi wake lakini bila kelele.

Ilirudi mwezi wa sita 2021. Ilikuwa irudi 2020, Covid ikazuia. Serikali ya Uhuru Kenyatta njo iliibeba: ikaanzisha ofisi ya mradi, ikaweka pesa ya Leta, ikajenga kituo Naivasha. Kutoka 2021 mpaka 2025 Toyota ilishinda kila mwaka, mara tano kwa mara tano. Kuna vijana Wakenya walioingia kwa mpango wa kukuza madereva, kama McRae Kimathi, aliyepewa jina kwa heshima ya yule McRae wa Scotland, baba yake akiwa mmoja wa waliorudisha mbio hizi. Hoteli za Naivasha zinajaa. Wakenya wenyewe wanabishana kila mwaka kama pesa ile ya Leta inarudi au hairudi, na ule ubishi ni wao.

Sisi tunaangalia njia. Mwaka 2025 kilometa za kushindania zilikuwa karibu 380, zikiwa zimefungwa kwa trafiki, na sehemu kubwa iko ndani ya mashamba makubwa na hifadhi za Bonde la Ufa. Zamani zilikuwa zaidi ya 5,000 kwenye barabara za umma. Mutu anayependa ile ya zamani kuko nayo bado kidogo: tangu 2003 kuna mbio za magari ya kale, zinazofanyika karibu kila baada ya miaka miwili, ambazo zimewahi kuvuka Kenya na Tanzania. Lakini ni mchezo wa matajiri wenye magari ya makumbusho.

Na sasa, Kigali

Mwezi wa kumi na mbili 2024, shirikisho la dunia la magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu na sherehe ya zawadi Kigali. Pale Rais Paul Kagame akatangaza rasmi kwamba Rwanda inaomba kuandaa Formula 1. Uwanja uliofikiriwa ulikuwa upande wa Bugesera, karibu na uwanja mpya wa ndege uliokuwa unajengwa, na ramani yake ilichorwa na kampuni ya Alexander Wurz, dereva wa zamani. Formula 1 haijakimbia Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993. Afrika Kusini nayo ilitaka zirudi kwake.

Wiki chache baadaye Goma ikaangukia mikononi mwa M23, na katikati ya mwezi wa pili Bukavu. Waziri wa mambo ya kigeni wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia timu za mpira za Arsenal, Bayern na PSG kuhusu lile tangazo la "Visit Rwanda", kisha akamwandikia Stefano Domenicali, mkuu wa Formula 1, akiomba mazungumzo na Kigali yakatishwe. Formula 1 ikajibu kwamba inafuatilia hali kwa karibu. Kinshasa inasema, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika katika ripoti zao, kwamba jeshi la Rwanda linasaidia M23. Kigali inakataa, ikisema inalinda usalama wake. Timu moja ya baisikeli ya Ubelgiji, Soudal Quick-Step, iliacha kuja Tour du Rwanda ya mwezi wa pili, lakini mashindano yaliendelea. Mashindano ya dunia ya baisikeli yalifanyika Kigali mwezi wa tisa 2025.

Wasikilizaji wengi wanatupigia simu kuhusu mambo haya kwa hasira ya upande mmoja au mwingine. Hasira tunaielewa. Lakini tuangalie jambo lenyewe la magari, juu lina fundisho ambalo siasa inalificha.

Uwanja wa Formula 1 ni kilometa tano hivi za lami zenye uzio. Ukiwa na uwanja, hoteli, uwanja wa ndege mzuri na pesa za kulipa wenye mashindano, basi umemaliza. Huhitaji jirani. Jirani anaweza kuwa na amani au vita, barabara yake inaweza kuwa lami au shimo, mpaka wake unaweza kufungwa saa kumi na mbili ya jioni, na hakuna mzunguko hata mmoja utakaochelewa. Mbio za mwaka 1965 zilikuwa kinyume: kama daraja moja kule Uganda limekatika, au kama wakuu wawili hawasemezani, hakuna mbio. Majirani waliposhindwa kuelewana, njia ile ilikufa, na kila mutu aliona.

Kwa maoni yetu, hapo njo kuko badiliko kubwa la miaka hii 70, kuliko magari yenyewe. Michezo ya jimbo letu imetoka kwenye namna iliyotegemea amani ya majirani, ikaenda kwenye namna inayotegemea hazina ya nchi moja. Si Rwanda peke yake. Naivasha ni vile vile, kwa kiasi kidogo zaidi. Na tusijidanganye kwamba Kinshasa ingefanya tofauti kama ingekuwa na nafasi. Hata sisi Leta yetu inapenda kujenga kitu kinachoonekana kwenye televisheni kabla ya barabara ya Mwenga. Ile barua ya waziri ilikuwa na haki yake. Lakini kama Formula 1 isipokuja Kigali ikaenda Kyalami, barabara zetu zitabaki vile zilivyo, na mpaka utabaki vile ulivyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tuliyoingia mwaka 2022 ilitakiwa kuleta kitu kingine. Ilisema juu ya watu na bidhaa kuzunguka bila shida kutoka Matadi mpaka Mombasa. Cha kwanza tulichokiona upande huu wa Kivu ni kikosi cha jeshi kilichoingia Kivu Kaskazini mwisho wa 2022, kikaondoka mwisho wa 2023. Mwezi wa pili 2025 wakuu wa EAC na wa SADC walikutana pamoja Dar es Salaam kuhusu vita vyetu. Bado tunangoja kuona barabara.

Chukua ile moja tunayoijua sote, Bukavu–Uvira. Ni kilometa karibu 125, robo tu ya kile dereva wa Safari wa zamani alikuwa anakula kabla ya jua kuchwa. Kwa miaka mingi magari yetu hayakuipita yote: yalivuka Ruzizi, yakapita lami ya upande wa Rwanda, yakarudi Kongo pale Kamanyola, ili kukwepa escarpement ya Ngomo. Mwenye haraka au mwenye mgonjwa alipitia kwa jirani, akilipa na kuonyesha karatasi mara mbili. Ilikuwa aibu kidogo, lakini ilifanya kazi. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda mwezi wa kwanza 2024, basi njia ya kuendelea moja kwa moja mpaka Bujumbura kupitia kule ikakatika. Na kuanzia mwezi wa pili 2025, zaidi ya Kamanyola, njia ilipita kati ya pande mbili zilizokuwa zinapigana.

Wamotari bado wanakwenda. Wanajua ni wapi kuko kizuizi, ni nani yuko pale siku ile, na ni franka ngapi. Wanajua Ngomo ikinyesha usiku, asubuhi upande gani wa kona ndio mgumu. Mama mwenye mzigo wa samaki anakaa nyuma, anafunga kitambaa puani juu ya vumbi au anashika mwavuli juu ya fula, na bei inapangwa kabla ya kuwasha pikipiki. Mwezi wa nne 2025 ulipoingia, kamyo mbili za sementi zilikuwa bado zinangoja Nyangezi njia ikauke.